Meza Nambari Ngapi?



Mtu anapokata tiketi ya meli ya kitalii, zile meli kubwa za mapumziko zinazopita bandari baada ya bandari kisha zikarudi zilikoanzia, huulizwa mambo mengi kabla ya kulipa. Anataka kabini yenye dirisha, yenye roshani, au ya ndani isiyoona bahari? Anataka kifurushi cha vinywaji? Cha intaneti? Kati ya maswali hayo limo moja ambalo wengi hulijibu haraka haraka: utakula chakula cha jioni zamu ya kwanza, zamu ya pili, au saa yoyote upendayo?

Leo nataka tulikalie swali hilo, maana jibu lake ndilo litakaloamua utarudi melini saa ngapi siku mnapotia nanga, utaoga saa ngapi, utaswali saa ngapi, onyesho gani utaliona na lipi litakupita, na zaidi ya yote, utazungumza na nani kwa siku 7 au 10 za safari. Msimamo wangu nautoa mapema: anayesafiri mara ya kwanza achague zamu iliyopangwa, meza moja, mhudumu mmoja. Kampuni nyingi za meli zimekuwa zikiipunguza meza hiyo kwa zaidi ya miaka 20, zikisema zinatupa uhuru. Uhuru upo, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya uhuru huo sasa inauzwa, na tulichokipoteza kwa ajili yake kilikuwa na thamani.

Tuanze na utaratibu wa zamani, ambao bado unatumika katika meli nyingi. Meli ina ukumbi mkuu wa chakula, mara nyingi wa ghorofa mbili au tatu. Chakula cha humo kimo ndani ya nauli. Ukishalipa tiketi, umeshakilipia. Tatizo ni nafasi. Chukua Icon of the Seas, meli ya Royal Caribbean iliyojengwa Turku, Finland, na kuanza kubeba watalii Januari 2024. Kila kabini ikilala watu wawili, inachukua abiria 5,610. Ikijaa mpaka vitanda vya watoto, inafika 7,600. Hakuna ukumbi wa kuketisha umati huo kwa mara moja, wala jiko la kuupakulia kwa saa moja. Hata meli ya abiria 2,000 haiwezi. Basi watu hugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza hukaa mezani saa 11 na nusu au saa 12 jioni. La pili huingia saa 2 au saa 2 na nusu usiku. Anayezijua shughuli za harusi za pwani haoni ajabu: masinia ya biriani huteremshwa kwa mikupuo, kundi likinawa na kuinuka, jingine linakaa.

Ukumbi wa maonyesho nao umefungamana na zamu hizo. Wakati zamu ya kwanza inakula, zamu ya pili inatazama muziki au mchezo wa jukwaani, kisha wanapishana. Ndiyo maana waimbaji na wacheza ngoma wa melini hurudia onyesho lilelile mara mbili kwa usiku mmoja. Ukiusoma mpango wa siku wa meli, utaona kwamba saa ya chakula imewekwa kwanza, na mengine yakapangwa kuizunguka.

Ukishapewa zamu, unapewa na meza. Nambari yake huandikwa kwenye kadi ileile inayofungua mlango wa kabini, au huonekana kwenye programu ya simu. Iko meza ya watu wawili, ya wanne, ya wanane, hata ya kumi, na kwa utaratibu huu wa zamani utakaa hapo kila usiku hadi mwisho wa safari, pamoja na watu walewale ambao hukuwachagua. Mezani kwenu kuna mhudumu na msaidizi wake. Juu yao yuko msimamizi anayeangalia meza kadhaa, na juu ya wote yuko mkuu wa ukumbi, ambaye Wafaransa walimpa jina la maître d'hôtel na wengi melini bado humwita hivyo.

Hebu tumtazame mhudumu huyo kwa karibu. Katika zamu moja anahudumia watu ishirini au zaidi. Anachukua maagizo ya meza nzima, anakwenda jikoni, na huko hakuna kupiga gumzo: anapita mbele ya mstari wa wapishi, huyu wa supu, huyu wa nyama, huyu wa samaki, anakusanya sahani zilizofunikwa kwa vifuniko na kuzipanga moja juu ya nyingine kwenye trei kubwa. Trei ile inapanda begani. Katika baadhi ya meli jiko liko sitaha nyingine, hivyo anapanda ngazi za umeme akiwa nayo begani, na sakafu inayumba kwa mawimbi. Msaidizi wake ndiye wa maji, mikate na vinywaji. Zamu ya kwanza ikiinuka, wana muda mfupi tu wa kubadilisha vitambaa, kupanga upya visu na uma na kusimama wima mlangoni kabla ya zamu ya pili kuingia. Asubuhi yake, wengi wao wamo tena kwenye kifungua kinywa.

Usiku wa kwanza anakuuliza kila kitu. Usiku wa pili maji yako yasiyo na barafu yameshamiminwa kabla hujavuta kiti. Usiku wa tatu anajua kwamba mwanao halili mboga za kijani na mama yako anataka chai baada ya chakula, si kahawa. Kwa mwenye mzio, jambo hili ni la usalama. Mtu asiyeweza kula karanga, au kamba na kaa, huletewa na msimamizi menyu ya kesho usiku wa leo. Wanaipitia pamoja, wanachagua, karatasi inakwenda jikoni, na kesho yake sahani ya mtu huyo inaandaliwa peke yake. Mpango huu unataka mtu mmoja anayekujua, aliye mahali pamoja kila usiku. Ukila leo hapa na kesho kule, unaanza maelezo upya kwa kila mhudumu, na siku moja mmoja wao atakuwa na haraka.

Kisha wako wale wenzako wa mezani. Najua wapo wanaoliogopa jambo hili kuliko dhoruba. Kukaa na watu usiowajua, usiku baada ya usiku! Lakini fikiri kinachotokea. Usiku wa kwanza ni majina na miji. Usiku wa pili mnaulizana mlionaje bandarini, nani alipanda basi gani, nani alipunjwa na dereva wa teksi. Kufikia usiku wa nne mzee fulani asipoonekana, meza nzima inauliza kama anaumwa. Katika meli yenye maelfu ya watu, ambamo unaweza kutembea wiki nzima usikutane na sura moja mara mbili, meza hiyo ndiyo mtaa wako. Mjane anayesafiri peke yake, mzazi aliyeletwa na watoto wake akakuta wajukuu wote wanashinda kwenye bwawa la kuogelea, kijana aliyeshinda safari kazini: hao meza ya kudumu huwafaa sana, na ndio wa kwanza kuumia inapoondolewa.

Dosari zake nazo nizitaje. Siku ambayo meli inakaa bandarini hadi jioni, wa zamu ya kwanza hurudi mbio, wakaingia ukumbini na jasho. Zamu ya pili huwachosha watoto wadogo. Chakula kikifika, wameshalala juu ya meza. Na kweli, kuna meza ambayo hailingani. Dawa yake ipo. Siku ya kupanda meli, mkuu wa ukumbi hukaa mahali palipotangazwa kwa saa chache hasa kwa ajili ya kubadilishia watu meza. Nenda mapema, siku hiyohiyo, sema haja yako kwa adabu. Kesho yake nafasi zinakuwa zimekwisha, na kumwomba ahamishe watu walioanza kuzoeana ni kumtwisha mzigo mzito.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2000, kampuni ya Norwegian Cruise Line ilipotangaza utaratibu wake wa kula bila zamu na bila meza maalumu: njoo saa utakayo, kaa na utakaye, vaa upendavyo. Wenzake hawakukawia. Leo karibu kila kampuni kubwa ina aina fulani ya kula saa yoyote, na nyingi zinaziweka njia mbili bega kwa bega, sehemu moja ya ukumbi kwa wa zamu, sehemu nyingine kwa wa saa yoyote. Disney ilitangulia kwa njia nyingine, ambayo naiheshimu sana. Tangu meli yake ya kwanza, Disney Magic, mwaka 1998, abiria huhamishwa kila usiku kutoka mgahawa mmoja hadi mwingine kati ya mitatu, lakini wahudumu wao huhama pamoja nao. Mtoto anaona ukuta mpya na picha mpya, huku anayemkatia nyama ni yuleyule wa jana. Aliyebuni mpango huo alijua watoto wanataka nini, na nadhani alijua watu wazima pia.

Sasa sikiliza kisa ambacho kwangu kinaeleza zaidi kuliko vyote. Novemba 2014 Royal Caribbean iliingiza kazini meli mpya, Quantum of the Seas, iliyotoka kwenye karakana ya Papenburg, Ujerumani, ikaanza kusafiri kutoka Bayonne, New Jersey. Ni meli ya abiria zaidi ya 4,000, na ndani yake ukumbi mkuu wa zamani haukuwapo. Badala yake palikuwa na migahawa minne iliyolipiwa ndani ya nauli: mmoja wa vyakula vya Kimarekani, mmoja wa vyakula vya Asia, mmoja wa mapishi ya kisasa, na mmoja wa mavazi rasmi kwa wanaopenda kujipamba. Abiria alitakiwa aingie kwenye mtandao kabla ya safari, achague mgahawa na saa kwa kila usiku. Kwenye karatasi, mpango ulikuwa mzuri mno. Ni nani asiyetaka migahawa minne badala ya ukumbi mmoja?

Yaliyotokea ni malalamiko. Waliochelewa kuweka nafasi walikuta zimebaki saa zisizotakiwa na mtu. Foleni zilisimama mlangoni. Familia za watu kumi au kumi na wawili zilihangaika kupata meza moja, usiku hadi usiku. Wahudumu walibadilika kila jioni, na wageni wa miaka mingi, waliozoea kuitwa kwa majina, wakajikuta wageni kweli. Kampuni iliongeza njia ya pili, ya kuzungushwa kwenye migahawa hiyo minne pamoja na wahudumu walewale, jambo linaloonyesha kwamba ilikuwa imeshaelewa kilichokosekana. Haikuchukua miaka mingi ikauacha mpango wote, na ukumbi mkuu ukarudi, zamu zikarudi, meza zikarudi.

Kwa nini mpango wa watu wenye akili na fedha ulikwama? Waliopanga waliamini kwamba tatizo la abiria ni kukosa chaguo. Lakini watu elfu nne wakiachiwa wachague saa ya kula, hawatawanyiki. Wengi wao watataka kula kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na nusu usiku, kwa sababu ndiyo saa ya njaa, na kwa sababu onyesho linaanza baadaye. Zamu mbili za zamani ziliulazimisha umati huo ujigawe. Ukiondoa zamu, umati haupungui, unakuwa foleni. Na foleni ikishakuwapo, kuna namna mbili tu za kuipunguza: kuweka nafasi mapema, au kulipa ili upite penginepo.

Hapo ndipo tunafika kwenye migahawa ya kulipia, na lazima niseme kwamba si jambo jipya. Mwaka 1905 meli ya Kijerumani Amerika, ya kampuni ya Hamburg America, ilifungua ndani yake mgahawa wenye jina la Ritz-Carlton, ambako tajiri aliweza kula anachotaka saa anayotaka kwa kulipa nje ya nauli. Wengine wakaiga. Titanic, mwaka 1912, nayo ilikuwa na mgahawa wa namna hiyo kwa abiria wa daraja la kwanza, mbali na ukumbi wao mkuu uliokuwa na viti zaidi ya 500. Mgahawa ule uliendeshwa na Mwitaliano Luigi Gatti, na watu wake, wengi wao Waitaliano na Wafaransa, walikuwa zaidi ya 60. Waliookoka kati yao ni watatu tu: wanawake wawili washika fedha na karani mmoja wa jikoni. Gatti mwenyewe alizama. Nawataja kwa makusudi. Historia ya vyakula vya Titanic imeandikwa mara nyingi sana kwa kuorodhesha sahani, na waliozibeba sahani hizo wakasahauliwa.

Leo mgahawa wa kulipia si wa matajiri peke yao. Meli moja kubwa inaweza kuwa na mitano, sita au zaidi: wa nyama za kuchoma, wa Kiitaliano, wa sushi, na ule ambao mpishi anakaanga mbele yenu huku akirusha mayai hewani. Hutozwa ama bei moja kwa kichwa, mara nyingi dola 40 au 50 na kuendelea kwa nyama za kuchoma, ama kwa kila sahani. Juu yake mara nyingi huongezwa asilimia 18 au 20 ya huduma. Familia ya watu watano ipige hesabu hiyo kabla haijakaa, si baada ya kula.

Bei zenyewe hupanda na kushuka kama tiketi za ndege. Mara nyingi ukinunua kabla ya safari, kwenye tovuti au programu ya kampuni, unalipa pungufu kuliko melini. Kuna vifurushi vya usiku tatu, vya usiku tano, na vya kula popote safari nzima. Lakini angalia jambo hili, maana huwaponza wengi: kununua kifurushi si kuweka nafasi. Umelipia haki ya kula, saa na meza bado hujapewa. Baadhi ya kampuni zitakuachia uweke nafasi ya usiku mmoja kwanza, na nyingine zilizobaki uzipange baada ya kupanda. Ndiyo maana mchana wa kwanza, watu wengine wakiwa bado wanatafuta kabini zao, utawaona wazoefu wamesimama kwa mstari mbele ya meza ndogo nje ya mgahawa wa nyama. Kama huna kifurushi na unataka kuonja mara moja tu, uliza nafasi ya usiku wa kwanza. Wengi wamechoka na safari, meli hawajaijua, na meza huwa tupu. Baadhi ya kampuni hupunguza hata bei. Epuka usiku wa mavazi rasmi, maana ukumbi mkuu nao usiku huo hutoa kilicho bora, na kambakoche mara nyingi ni usiku huohuo. Na ukiweka nafasi usiyoihitaji, ifute siku moja kabla. Usipofuta, kampuni nyingi zitakutoza, na muhimu zaidi, umemnyima mtu aliyekuwa kwenye orodha ya kusubiri.

Sina ugomvi na mgahawa wa kulipia ukiwa ni ziada. Ugomvi wangu unaanza pale ziada inapoinyonya nauli. Kuna kampuni ambazo sasa, ndani ya ukumbi mkuu wenyewe, menyu ina mstari wa chini wenye bei: nyama nzuri zaidi, kambakoche wa pili, sahani kuu ya tatu. Abiria aliyeambiwa kwamba chakula kimo kwenye tiketi anafungua menyu na kukuta dola. Mhudumu ndiye anayesimama pale kulieleza, na uso unaokunjwa anaukunjiwa yeye, ilhali uamuzi ulifanyika ofisini, mbali na bahari. Kampuni ya Cunard angalau haifichi: katika Queen Mary 2 kabini uliyolipia ndiyo inayosema utakula wapi. Wa kawaida wako mgahawa wa Britannia, wa vyumba vikubwa wana migahawa yao miwili ya Grill, ambako meza yako inakungoja saa yoyote. Ni matabaka, tena ya wazi, lakini unayajua kabla ya kulipa.

Bafe sitaliongelea sana. Liko sitaha za juu, halitaki nafasi wala viatu vya kung'aa, na siku foleni za chini zikizidi, ndilo linalookoa. Nawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kugusa kijiko cha pamoja. Ugonjwa wa tumbo wa norovirusi husambaa haraka melini. Meli zinazopita bandari za Marekani hukaguliwa usafi na wataalamu wa afya wa serikali bila kupigiwa hodi, na inayopata chini ya alama 86 kwa 100 imeanguka.

Wasikilizaji wetu wengi ni Waislamu, na Waswahili walioko Dubai na Muscat wana meli hizi karibu kabisa, kwa kuwa majira ya baridi Dubai huwa kituo cha safari za Ghuba, na Muscat ni moja ya bandari zinazopitiwa. Basi yapo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni nyama halali. Usidhani kwamba kwa vile meli imeondoka bandari ya Kiarabu, kila kilichomo ni halali. Omba kwa maandishi wiki kadhaa kabla, upate jibu kwa maandishi, kisha siku ya kupanda mwone msimamizi wa ukumbi umkumbushe, kwa sababu barua ya ofisini haifiki jikoni kila mara. La pili ni saa za swala. Katika Ghuba majira ya baridi, jua huzama karibu na saa 11 na nusu au saa 12 kasoro, kwa hiyo zamu ya kwanza inakubana kati ya magharibi na isha, na zamu ya pili inakuacha umeshaswali zote mbili. Katika Mediterania wakati wa kiangazi mambo yanageuka: jua linazama saa 3 usiku au karibu yake, zamu ya pili inakatwa katikati na magharibi, na ya kwanza inakuacha huru. Chagua zamu kwa kuangalia majira na bahari utakayokuwa, tena kumbuka kwamba saa ya meli yaweza kusogezwa mbele au nyuma njiani.

Nimalizie na wale wanaotupakulia. Kazi hii ina historia yake katika bahari yetu. Meli za British India zilizokwenda kati ya Bombay, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Durban zilikuwa na wapishi na wahudumu kutoka Goa, na mpaka leo Wagoa bado ni wengi katika kazi za chakula melini, pamoja na Wafilipino na Waindonesia. Siku hizi wamo vijana wetu, Wakenya wakiwamo wa Mombasa, waliosomea hoteli nyumbani wakaajiriwa baharini kwa mikataba ya miezi kadhaa mfululizo. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unawahesabu kuwa mabaharia kamili. Kwa mujibu wa viwango vyake, wasipate mapumziko ya chini ya saa 10 katika kila saa 24, na wakala wa ajira haruhusiwi kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Mzazi unayenisikiliza, ukiambiwa ulipe fedha nyingi ili kijana apate nafasi melini, shika mfuko wako.

Zamani bakshishi ilitiwa kwenye bahasha na kukabidhiwa mkononi usiku wa mwisho. Sasa kampuni nyingi hukata kiasi kwa kila abiria kila siku, na fedha hiyo hugawanywa kwa wahudumu wa mezani, wa kabini na wengine usiowaona. Abiria anaweza kwenda mapokezi kuifuta katika meli nyingi, na wapo wanaofanya hivyo ili kuokoa dola chache. Nawasihi msifanye. Mishahara ya watu hawa imepangwa kwa kutegemea fedha hiyo, na kuifuta ni kumkata mtu ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya. Kama huduma ilikuwa mbaya, mwite msimamizi usiku huohuo, arekebishe wakati bado mko baharini.

Na kama ilikuwa nzuri, lipo jambo lisilogharimu kitu. Siku chache baada ya kushuka, utaletewa fomu ya maoni kwa barua pepe. Watu wengi huifuta. Wahudumu wanaotajwa kwa majina kwenye fomu hizo hukumbukwa mikataba inapoongezwa na watu wanapopandishwa vyeo, kutoka msaidizi hadi mhudumu, kutoka mhudumu hadi msimamizi. Kwa hiyo, kabla hujashuka, muulize jina lake lote, namna linavyoandikwa, na uliandike kwenye simu yako pamoja na jina la ukumbi na zamu mliyokula.